Pulsere ya gari ikikataa: kupima kwanza, kununua nyuma

Kati ya magari yanayotembea Kasongo na Kabambare, kuna yale ambayo upepo wa ndani unatoka kwa namba ya mwisho tu, ao hautoki kabisa. Wengi wanazani ni kitu cha starehe ambacho kinaweza kungoja. Lakini mvua ikinyesha, ule upepo njo unamusaidia shofere aone njia. Na mara nyingi kilichokufa si motere yenyewe, ni kipande kidogo kinachokaa pembeni yake. Maelezo haya yanaonyesha namna fundi anaweza kujua kilichokufa mbele ya kutuma feza Kindu, Kalemie ao Bukavu kutafuta piese.

Kioo cha mbele kinakuwa cheupe

Mfano ni huu. Land Cruiser moja inatoka Kabambare asubuhi, inaelekea Kasongo. Ndani kuna watu saba, na kati yao mama mwenye mimba anayepelekwa hospitali. Mvua inaanza. Kila mtu anafunga kioo cha upande wake. Hazipiti dakika tano, kioo cha mbele, ile parabrizi, kinakuwa cheupe kama kimemwangiwa maziwa. Shofere anashika usukani kwa mkono mmoja, mkono wa pili unapanguza kioo na kitambaa. Anapanguza hapa, weupe unarudia kule. Mbele kuna daraja la miti, na miti yenyewe imelowana.

Weupe ule si moshi wala uchafu. Ni maji. Mtu akipumua, pumzi yake inabeba maji ambayo hayaonekani kwa macho. Mvua inapopiga kioo inje, kioo kinapoa. Pumzi ya watu saba ikigusa kile kioo cha baridi, maji yake yanageuka kuwa matone madogo madogo. Ni kitu kilekile kinachoonekana juu ya chupa ya maji ikitoka kwenye frigo.

Kitambaa hakimalizi shida, sababu watu wanaendelea kupumua. Dawa ni kupitisha hewa kwenye kioo bila kuacha. Hewa ile inayabeba maji na kuyaondoa. Ikiwa ni hewa ya moto kidogo, ao hewa iliyokaushwa na klima, kazi inaenda mbio zaidi. Kwa hiyo wanaosema "kwetu hakuna baridi, shofaji ni ya nini?" wanasahau kitu kimoja. Kuanzia mwezi wa 9 mpaka karibu mwezi wa 5 kusini ya Maniema mvua iko, na mashini ya shofaji njo hiyohiyo inayopuliza kioo cha mbele.

Wakati wa kiangazi shida inageuka upande mwingine. Vumbi la barabara linalazimisha watu kufunga vioo, na kama pulsere imekufa, ndani ya gari kunakuwa kama ndani ya furu ya mikate. Mgonjwa anayelala nyuma ya gari njo anateseka zaidi ya wote.

Vipande vitano vya kujua

Mafundi wanaita pulsere ile motere ndogo ya umeme inayosukuma hewa ndani ya gari. Wengine wanasema vantilatere ya ndani. Imefungwa kwenye gurudumu la plastiki lenye mapanga mengi madogo. Kwa magari mengi, inakaa nyuma ya kile kisanduku cha kuwekea karatasi, mbele ya magoti ya abiria wa mbele. Gari ikiwa na usukani kushoto, pulsere iko kuume. Gari ya Japani yenye usukani kuume, pulsere iko kushoto.

Mbele umeme ufike kwenye motere ile na kurudi, unapitia vipande vingine vinne.

Cha kwanza ni fizible. Ni kile kidude kidogo cha plastiki kinachokubali kuungua ili waya zisiungue.

Cha pili ni rele. Ni kisanduku kidogo cha mraba kinachofungua na kufunga njia ya umeme mwingi, kwa kuamriwa na umeme kidogo. Kontakti ikipigwa, mara nyingi mtu anaisikia ikisema "tak".

Cha tatu ni kitufe cha namba, kile ambacho shofere anazungusha ao anasukuma: 1, 2, 3, 4.

Cha ine ni rezistansi, na huyo njo mshitakiwa mkubwa. Ni kipande kidogo chenye nyuzi za chuma zilizozungushwa kama spiringi, ao chenye kibamba cheupe kama cha sahani. Kazi yake ni kupunguza umeme unaofika kwenye motere. Inafanana na mtu anayekanyaga mpira wa maji: akikanyaga sana, maji yanapita kidogo. Kwa namba 1 umeme unapita kwenye nyuzi zote, motere inazunguka polepole. Kwa namba 2 unapita kwenye nyuzi chache zaidi. Kwa namba 3 tena chache zaidi. Kwa namba 4 umeme hauguse rezistansi kabisa, unaenda moja kwa moja.

Hapo kuna siri ambayo inasaidia fundi kushinda vyombo vyote: kama namba 4 inafanya kazi na namba 1, 2 na 3 zimekufa, motere ni nzima. Haiwezekani motere ife kwa namba tatu na ifufuke kwa namba ya ine. Kilichokatika ni rezistansi, ao fishi yake.

Sababu ya rezistansi kuungua

Umeme ambao rezistansi inauzuia haupotei. Unageuka kuwa moto. Pulsere ya gari ya volti 12, kwa namba ya juu, mara nyingi inakula kati ya ampere 10 na 20. Kwa kulinganisha, taa moja ya mbele ya wati 55 inakula karibu ampere 4 na nusu. Ni kusema pulsere peke yake inaweza kula sawa na taa tatu ao ine kwa pamoja. Ndiyo sababu fizible yake mara nyingi iko ya ampere 30 ao 40.

Wenye kutengeneza magari wanajua kwamba rezistansi inapata moto, kwa hiyo wanaipachika palepale ndani ya njia ya hewa, ili upepo wa pulsere uipoze. Tena wanaiwekea kipande kinachoyeyuka. Moto ukizidi, kipande kile kinakatika na kufunga njia ya umeme. Rezistansi inakufa, lakini gari inapona.

Sasa, ni nini inafanya moto uzidi? Mara nyingi ni hewa isiyopita. Majani yameingia, filtre ya hewa ya ndani imejaa vumbi, ao panya amejenga. Mara nyingine ni motere iliyochoka: imekauka mafuta, inazunguka kwa shida, kwa hiyo inavuta umeme mwingi kupita kawaida na upepo wake ni kidogo. Fundi akibadilisha rezistansi bila kuangalia motere, ile mpya inaweza kuungua kisha siku chache. Mwenye gari anasema piese ilikuwa mbaya, kumbe ni motere njo inaua rezistansi.

Somo kutoka Uingereza

Hadisi ya kipande hiki ilifika mpaka kwenye bunge la Uingereza. Huko, magari ya Zafira B, ambayo yaliuzwa kwa jina la Vauxhall na kwa inchi zingine kwa jina la Opel, yalianza kuwaka moto. Moto ulikuwa unaanzia upande wa shofaji, mbele ya abiria. Mwisho wa mwaka 2015 kampuni iliita magari zaidi ya 200,000 yarudi kuangaliwa. Ilieleza kwamba katika magari yale, rezistansi ya pulsere ilikuwa imetengenezwa vibaya, na kile kipande cha kuyeyuka kilikuwa kimeguswa. Mwaka 2016 yaliitwa tena mara ya pili. Mwaka 2017 kamati ya bunge inayochunguza mambo ya usafiri iliilaumu kampuni kwa kukawia.

Kwa fundi wa Kasongo ao wa Salamabila, somo ni moja. Kile kipande kidogo kinachoyeyuka hakikuwekwa kwa kupendeza. Mtu akikiruka kwa waya, pulsere itazunguka namba zote, na mwenye gari atafurahi. Lakini siku hewa itakapozibwa, hakuna tena kitu cha kukata moto. Plastiki itawaka, na juu ya plastiki ile kuna waya za tabulo yote ya mbele. Katikati ya pori, mbali na maji, gari haina wa kuizimia.

Dalili zinasema nini

Mbele ya kufungua skrubu hata moja, fundi mwenye akili anapiga kontakti, anajaribu namba zote moja kwa moja, na kusikiliza.

Namba ya juu tu njo inafanya: rezistansi ao fishi yake.

Namba za chini zinafanya, ya juu imekufa: kitufe, ao waya ya namba ile. Kwa gari zingine namba ya juu iko na rele yake peke yake, kwa hiyo na ile inapimwa.

Namba moja ya katikati imekosa, zingine zote ziko: kitufe kimeungua ndani kwenye fasi ya namba ile.

Hakuna namba hata moja: fizible, rele, masi, kitufe, ao motere. Hapa hakuna kubahatisha, ni kupima.

Pulsere inaanza mtu akipiga kisanduku chake kwa mpini wa turnevisi, kisha inakufa tena: makaa ya motere yamekwisha. Ile motere iko inaaga.

Inalia kama mdudu, ao inatikisika: jani limeingia kwenye gurudumu, ao motere imekauka.

Inaendelea kupuliza hata kitufe kikiwekwa kwenye sufuri, ao haisikii kitufe kabisa: rele imeshikana, ao gari ile haina rezistansi ya nyuzi bali kipande cha elektroniki. Habari ya kipande kile iko chini zaidi.

Kupima hatua kwa hatua

Vyombo havihitaji kuwa vingi. Taa ya kupimia, yaani balbu ndogo ya volti 12 na waya mbili, inatosha kwa kazi nyingi. Multimetre ya bei ya chini inaongeza uhakika. Pamoja na hizo, turnevisi ya nyota na funguo ya 8 na ya 10.

Hatua ya kwanza ni batri. Gari ikiwa imezimwa, batri nzima inaonyesha karibu volti 12.6. Mashini ikiwaka, mara nyingi inaonyesha kati ya 13.8 na 14.4. Batri ikiwa imechoka, pulsere itazunguka polepole na mtu atashitaki piese isiyo na kosa.

Hatua ya pili ni fizible. Kuiangalia kwa macho hakutoshi, sababu zingine zinakatika fasi isiyoonekana. Kontakti ikiwa imepigwa, taa ya kupimia inaguswa kwenye vichwa vyote viwili vya fizible. Ikiwaka upande mmoja tu, fizible imekatika. Inabadilishwa na nyingine ya namba ileile. Ile mpya ikiungua palepale, kazi inasimama: kuna waya inayogusa bodi, ao motere imeshikana. Kuweka fizible kubwa zaidi, ao karatasi ya sigara, ao uzi wa waya, ni kuhamisha moto kutoka kwenye fizible kwenda kwenye waya.

Hatua ya tatu ni rele. Njia rahisi ni kuibadilisha na rele nyingine ya gari ileile ambayo iko sawasawa, yenye namba moja na miguu ileile, kwa mfano ya honi. Pulsere ikifufuka, rele njo ilikuwa imekufa.

Hatua ya ine ni fishi ya motere. Hapa mafundi wengi wanadanganyika. Kwa Toyota nyingi za zamani, umeme wa plus unatoka kwenye rele na kufika kwenye motere mbele ya vyote. Rezistansi na kitufe viko upande wa kurudi, kabla ya masi. Kwa hiyo fundi akigusa waya moja ya motere na upande wa pili akigusa bodi ya gari, taa inawaka, na anasema "umeme uko, motere imekufa." Lakini umeme ule unaweza kuwa unafika na haurudi. Dawa ni kupima kati ya waya mbili za motere zenyewe, kitufe kikiwa kwenye namba ya juu. Zikionyesha karibu volti 12 na motere imenyamaza, motere imekufa kweli. Zikionyesha sufuri, motere haina kosa bado. Njia imekatika fasi nyingine.

Kama njia ya kurudi inashukiwa, multimetre inawekwa kati ya waya ya kurudi na nguzo ya minus ya batri, kitufe kikiwa namba ya juu. Ikionyesha zaidi ya nusu ya volti, kuna masi mbaya, fishi iliyoungua ao kitufe kilichochoka. Skrubu ya masi yenye kutu inafunguliwa, inasuguliwa mpaka chuma king'ae, na kufungwa tena kwa nguvu.

Hatua ya tano ni rezistansi yenyewe. Inafunguliwa skrubu mbili na kutolewa. Kama pulsere ilikuwa inafanya kazi, fundi anangoja kwanza, sababu kile kipande kinachoma vidole. Kikiwa kwenye mkono, kinaangaliwa: uzi uliokatika unaonekana, na kibamba kilichoungua kinakuwa cheusi. Kisha multimetre inawekwa kwenye omu. Kwanza miguu miwili ya multimetre inagusishwa yenyewe kwa yenyewe. Itaonyesha kidogo, kama 0.2 ao 0.4, hesabu ile inaondolewa kwenye kila kipimo. Kati ya mguu wa namba 1 na mguu wa namba ya juu, rezistansi nyingi zinaonyesha omu chache tu, mara nyingi chini ya 5. Katikati zinaonyesha chini zaidi. Ikionyesha njia imekatika kabisa, rezistansi imekufa.

Hatua ya sita ni kuzungusha motere kwa mkono. Inapaswa kuzunguka bila kukwama na bila kulia. Ikiwa nzito, inatolewa, inasafishwa vumbi, na kupimwa inje kwa waya mbili kutoka batri. Waya ile ya plus ipitishwe kwenye fizible, hata kama ni kipimo cha dakika moja tu.

Kubadilisha bila kuharibu

Kazi ya kubadilisha rezistansi si kubwa. Inaanza kwa kufungua nguzo ya minus ya batri. Kwa gari mpya kidogo, zenye mfuko wa hewa unaofunguka wakati wa ajali, fishi za rangi ya njano haziguswi wala hazipimwi na taa. Kisha kisanduku cha karatasi kinatolewa, rezistansi inaonekana kwenye kasha la plastiki karibu na pulsere, skrubu mbili zinafunguliwa, na mpya inaingia fasi yake.

Shida iko kwenye fishi. Kama rezistansi iliungua, kuna nafasi kubwa kwamba fishi nayo iliyeyuka kidogo, ao vyuma vyake vya ndani vimelegea na kuwa vyeusi. Kuingiza piese mpya kwenye fishi ya zamani iliyoungua ni kutupa feza. Fasi umeme unapopita kwa shida panapata moto, na moto ule unakula piese mpya. Fundi anakata fishi ile, anaweka nyingine nzima yenye waya za unene uleule, na kuunga waya moja moja, kila moja kwa rangi yake. Maungio yanafunikwa vizuri. Waya nyembamba ya redio haifai hapa.

Mbele ya kufunga kisanduku, nafasi ile inatumiwa kutoa majani, manyoya na vumbi vyote ndani ya kasha. Gari ikiwa na filtre ya hewa ya ndani, inatolewa na kupigwa-pigwa inje, ao kubadilishwa.

Piese ya okazo: mambo matatu ya kuangalia

Piese nyingi zinazofika kusini ya Maniema zimetoka mbali. Kuna zinazoshuka Dar es Salaam, zinapanda mpaka Kigoma, zinavuka ziwa Tanganyika mpaka Kalemie ao Uvira, kisha barabara. Piese ikifika na haiingii, kuirudisha kunaomba muda na feza nyingine. Kwa hiyo mwenye kutuma mtu sokoni anapaswa kujua mambo matatu.

La kwanza ni volti. Kamyo nyingi, na hata Land Cruiser zingine za dizeli, ziko za volti 24. Motere ya volti 12 ikiwekwa kwenye gari ya volti 24 inaungua. Ya 24 ikiwekwa kwenye gari ya 12, inazunguka kama iko na usingizi. Na rezistansi ni vilevile, kila moja na gari zake.

La pili ni miguu: hesabu yake, namna imepangwa, na umbo la fishi. Picha ya piese ya zamani, mbele na nyuma, pamoja na namba iliyoandikwa juu yake, inasaidia kushinda kutaja jina la gari peke yake.

La tatu ni kujua kama gari iko na rezistansi ya nyuzi ao kipande cha elektroniki. Gari zenye klima ya kujipanga yenyewe, ambazo zinaonyesha digri kwenye tabulo, mara nyingi hazina namba ine za kawaida. Ziko na kipande chenye bamba la aluminiamu lenye meno kama ya kitana. Kile kinapokea amri kutoka kitufe na kuachilia umeme kidogo kidogo. Kikifa, pulsere inaweza kunyamaza kabisa ao kupuliza kwa nguvu bila kusikia amri. Hakipimwi kwa omu kama rezistansi. Kinachopimwa ni kama plus inafika, kama masi iko, na kama waya ndogo ya amri inageuka mtu akizungusha kitufe. Vyote vikiwa sawa na kipande hakitoi umeme, njo kinabadilishwa. Kamwe rezistansi ya nyuzi haiwekwi fasi yake.

Wakati wa kungoja piese

Piese inaweza kukawia. Kama namba ya juu inafanya, gari inaweza kutembea hivyo: kelele ni nyingi, lakini umeme unapitia njia yake ya kawaida, na kioo kinasafishwa. Ile ni bora kushinda kuunga waya ya ovyo.

Kama pulsere haifanyi kabisa na mvua inanyesha, shofere hana dawa nyingi, lakini iko. Kushusha vioo viwili kidogo, kimoja mbele na kimoja nyuma upande mwingine, kunatoa pumzi inje. Kufungua njia ya hewa ya inje, si ile ya kuzungusha hewa ya ndani, kunasaidia gari ikitembea. Kioo kilichosafishwa ndani kwa maji na sabuni kinashika weupe kidogo kushinda kioo chenye mafuta ya vidole na vumbi. Na weupe ukizidi, kuegesha gari na kungoja si aibu.

Tena kuna weupe wa inje. Klima ikipuliza baridi sana kwenye parabrizi wakati wa joto lenye maji mengi, matone yanaweza kujipanga upande wa inje. Hapo kupanguza ndani ni kazi bure. Vipanguzi vya kioo njo vinafanya kazi, na baridi inapunguzwa.

Kuilinda isife tena

Adui wa kwanza wa pulsere ni mti wa muembe. Gari inayolala chini ya muembe inapokea majani kwenye ile fasi ya wazi kati ya kofia ya mashini na parabrizi. Majani yanaziba matundu ya kupitisha maji, na maji ya mvua yanatafuta njia nyingine: yanashuka ndani, juu ya pulsere na rezistansi yake. Kapeti ya upande wa abiria ikiwa inalowana bila sababu, fundi aangalie huko kwanza. Kutoa majani kwa mkono mara moja kwa juma hakuombi feza.

Wakati wa vumbi, filtre inaangaliwa mara kwa mara. Na pulsere ikianza kulia, inafunguliwa na kusafishwa mapema. Kungoja inyamaze yenyewe ni kungoja iue rezistansi.

Kwa mwenye gari, jambo la kumwambia fundi ni fupi: "Pima kwanza, unionyeshe." Fundi anayejua kazi hataona ni matusi. Atapiga kontakti, atazungusha kitufe namba moja mpaka ine, na mara nyingi atajua jibu mbele ya kushika turnevisi. Kwa shofere anayetoka Kabambare na mama mgonjwa nyuma, mvua ikiwa juu ya gari na daraja likiwa mbele, kile kipande kidogo kikiwa kizima kinamwachia mikono miwili kwenye usukani.